The Remains of the Day: mzee anakumbuka vizuri mno

Nianze kwa kuwaonya kabisa, hii muvi ukiipeleka kibanda umiza watu watadai hela zao ndani ya dakika ishirini. Hakuna ngumi, hakuna anayekimbizwa, stelingi wake ni mzee mtumishi wa ndani anayeng'arisha vyombo vya fedha na kazi yake kubwa muvi nzima ni kunyamaza. Saa mbili na robo za kunyamaza. Na bado mi nimeiangalia mara tatu, ya kwanza nilikuwa nimetoka shifti ya usiku nikasema ngoja niangalie kidogo nipate usingizi, nikaja kushtuka saa kumi na moja alfajiri nimekaa kitandani na yunifomu ya kazini sijaivua.

Niseme mapema kwamba mi ni weita. Miaka tisa sasa, hoteli ya ufukweni, sahani tatu mkono mmoja na tabasamu hata kama asubuhi umepigiwa simu ya msiba. Kwa hiyo wengine watawaambia hii ni muvi ya mapenzi, wengine watasema ni ya siasa za kabla ya Vita vya Pili, mi naiangalia kama mtu wa kazi, na ninachotaka kusema kuhusu uzee na kumbukumbu kimeanzia hapohapo kwenye trei.

Kwa wasioijua: ni ya 1993, imetokana na riwaya ya Kazuo Ishiguro ya 1989, ile iliyochukua tuzo ya Booker mwaka huohuo, na jamaa mwenyewe akaja kupewa Nobel 2017, miaka minne kabla ya Gurnah wetu. Kuna kitu huwa kinanichekesha. Watu wanasema hamna muvi ya Kiingereza kama hii, jumba kubwa, mvua, chai, mabwana na mabibi, halafu angalia walioitengeneza: aliyeandika kitabu kazaliwa Nagasaki akahamishiwa Uingereza ana miaka mitano, dairekta James Ivory ni Mmarekani, prodyuza Ismail Merchant ni Mhindi wa Bombay, aliyeandika skripti, Ruth Prawer Jhabvala, ni Myahudi aliyezaliwa Ujerumani familia yake ikakimbilia Uingereza 1939, na hata stelingi Anthony Hopkins kwao ni Wales. Labda ndiyo maana wanaliona lile jumba vizuri hivyo, mwenye nyumba huwa haoni nyufa za kwake.

Hopkins anaigiza Stevens, batla wa jumba linaitwa Darlington Hall. Batla sio mpishi wala sio weita, ni mkuu wa watumishi wote wa ndani, tuseme mnyapara mwenye glovu nyeupe. Muvi inaanzia 1958, bosi wake wa zamani Lord Darlington keshakufa na jina limeoza kwa sababu miaka ya thelathini alijipendekeza kwa Wanazi akidhani analeta amani, jumba limenunuliwa na Mmarekani, watumishi hawatoshi. Stevens anapata barua kutoka kwa Miss Kenton, aliyekuwa hausikipa, yaani msimamizi wa watumishi wa kike, pale jumbani miaka ishirini nyuma kabla hajaondoka kuolewa, na anavyoisoma ile barua anaona kama dada ana majuto anataka kurudi kazini. Anaazima gari la bosi mpya anafunga safari kwenda magharibi kumfuata. Njiani anakumbuka, na hizo kumbukumbu ndiyo muvi yenyewe.

Sasa kabla sijafika kwa Miss Kenton (Emma Thompson, na jamani huyu dada anajua kuigiza hasira ya mtu anayetakiwa kuwa na adabu) nataka nikae kwanza na baba yake Stevens, maana kwangu ndiye aliyebeba muvi na watu hawamsemi.

Baba mtu naye alikuwa batla maisha yake yote, sasa amevuka sabini, mwanawe anamchukua kama batla msaidizi. Aliyemuigiza ni Peter Vaughan, waliofuatilia Game of Thrones mtamjua, ndiye yule mzee kipofu wa kule kwenye ukuta wa barafu (na dada aliyemcheza malkia Cersei kulekule pia yumo humu, akiwa binti mdogo mfanyakazi wa ndani anayetoroka na mchumba, nilicheka sana). Mzee anaingia na heshima zake zote, mezani kwa watumishi anasimulia hadithi yake ya batla aliyekuta chui milia chini ya meza ya chakula kule India akamuua na akaja kumwarifu bosi kwamba chakula kitaandaliwa muda wa kawaida. Ndo kipimo chake cha kazi hicho. Halafu taratibu tunaanza kuona vitu. Kifagio na kizoleo vimesahauliwa kwenye ngazi. Sanamu ya Kichina imewekwa siko. Miss Kenton anaona, anamwambia Stevens, na Stevens anamkasirikia yeye kuliko anavyoyakasirikia hayo makosa, tena kwa sauti ileile ya upole utadhani wanaongelea hali ya hewa.

Halafu siku moja mzee anavuka bustani na trei kubwa ya chai kupeleka kwa wageni na anajikwaa anaanguka na kila kitu. Aisee. Mi nimeshaona weita mzee akianguka na trei. Ukumbi wote huwa unanyamaza sekunde mbili, kisha wageni wanaanza kuongea kwa nguvu kuliko mwanzo ili ionekane hawajaona, na hizo kelele ndo zinauma kuliko kuanguka kwenyewe. Baadaye mzee anasema ni yale mawe ya njiani, yamekaa vibaya, ndiyo yamemwangusha, na kuna wakati Stevens na Miss Kenton wanamchungulia dirishani yuko peke yake pale nje anatembea juu ya yale mawe, anapanda, anashuka, anaangalia chini kama mtu aliyedondosha kitu cha thamani. Hakuna anayesema neno. Ukiniuliza muvi inasema nini kuhusu uzee ntakwambia hapo tu, mzee anafanya uchunguzi wa mawe kwa sababu akikubali sio mawe basi ni miguu, na akikubali ni miguu hana tena kazi, na bila kazi hajui yeye ni nani.

Mwanawe ndiye anayetumwa akamwambie kwamba kuanzia sasa hatahudumia mezani tena, atapewa ndoo na mopu. Anamwambia amesimama, utadhani anasoma tangazo la ofisini. Mzee anasikiliza. Halafu muda mfupi baadaye tunamkuta ameishiwa nguvu, amepiga goti kwenye kile kitoroli cha vifaa vya usafi, mikono bado imeng'ang'ania mpini.

Na kifo chake ndo usiseme. Jumba limejaa wageni wa kimataifa wanaojadili Ujerumani isamehewe vipi, juu chumbani mzee anakufa, chini Stevens anamimina divai. Kabla ya hapo mzee amejaribu kuongea na mwanawe, amemwambia anatumaini amekuwa baba mzuri kwake, na mwana anajibu kitu kama vile tutaongea asubuhi baba, nina kazi. Miss Kenton anashuka kumwambia mzee amefariki, anamuomba ruhusa ya kumfumba macho, naye anashukuru anaendelea na kazi kwa sababu eti baba angetaka hivyo. Daktari anapofika, Stevens anamwelekeza akamcheki Mfaransa mmoja mkubwa miguu inamuuma. Baba yake yuko kitandani hajapoa, yeye anatafutia mgeni tiba ya malengelenge! Mara ya kwanza nilimtukana kwa sauti. Mara ya tatu nikakumbuka ile simu niliyoisema hapo juu, na kwamba siku hiyo nilihudumia meza sita mpaka mwisho wa shifti na mmoja akaniachia tipu nzuri.

Haya, kumbukumbu. Hapa ndipo nina ugomvi na muvi, na ni ugomvi wa mtu anayeipenda.

Kitabu anakisimulia Stevens mwenyewe, na uchawi wote wa kile kitabu ni kwamba mzee anakumbuka vibaya. Hadanganyi, hapana, anakumbuka vibaya jinsi wazee wanavyokumbuka, kitu kile kimetokea kweli ila kimehama mahali pake. Kuna sehemu anasimulia kwamba aliwahi kusimama koridoni nje ya mlango wa Miss Kenton akiwa na hakika kwamba ndani dada analia, na anatuambia ilikuwa siku Miss Kenton alipopata habari za kifo cha shangazi yake. Sawa, tunaendelea. Kurasa nyingi mbele mzee anarudi anasema hapana, nadhani nilichanganya, ile ilikuwa usiku mwingine kabisa, usiku ule Miss Kenton aliponiambia amekubali kuolewa na mwanaume mwingine. Yaani jamaa amechukua kilio cha mapenzi akakiweka kwenye faili la msiba kwa miaka ishirini, maana msiba hauna lawama, shangazi akifa sio kosa la mtu. Mi nilivyofika hapo nilikifunga kitabu nikatoka nje kuvuta hewa.

Muvi haina hiyo. Muvi haiwezi, au haikuthubutu, sijui. Kwenye muvi kila kumbukumbu inakuja safi, taa zimewaka, mavazi yamenyooshwa, tunaona usiku ule Miss Kenton anasema naolewa, Stevens anatoa hongera zake za baridi, anashuka stoo kuchukua chupa ya divai, anaidondosha inapasuka, anachukua nyingine, anapopita anamkuta dada analia sakafuni, na yeye anachopata kusema ni kwamba kuna sehemu haijafutwa vumbi. Sini kali mno, siwezi kubisha, kupasuka kwa ile chupa hakumo kitabuni na ni ubunifu mzuri. Lakini imeshatokea mbele ya macho yetu, ina tarehe, haina shaka. Anayekumbuka ni kamera. Mzee mwenyewe haulizwi. Na mzee ambaye kamera inamkumbukia hawezi kukosea, kumbe kukosea kwake ndo ilikuwa siri yake yote.

Hata hivyo Hopkins kwa akili zake ameliona hilo shimo akaliziba kwa uso. Muangalieni anavyokaa kwenye gari, au pale kijijini gari limeishiwa mafuta watu wa baa wanadhani yeye ni mheshimiwa fulani naye hawakatalii. Kesho yake anapoulizwa kama alimfahamu Lord Darlington anakana kabisa, halafu baada ya muda anageuka anakiri. Hapo unaona mtu anayeandika upya maisha yake wakati bado anayaishi. Alikuwa na miaka 55 tu muvi ilipotoka na ukimuangalia mgongo unaona kwamba anapima kila hatua kama baba yake kwenye yale mawe. Huyuhuyu Hopkins miaka mingi baadaye akaja kucheza mzee aliyepotelewa na kumbukumbu kwenye The Father akapata Oscar mwaka 2021 akiwa na miaka 83. Kule nyumba inabadilika, watu wanabadilika nyuso, mtazamaji unachanganyikiwa pamoja naye, na mi nilivyoiona nikasema ohoo, kumbe inawezekana, sasa kwa nini hawakufanya hata kidogo hivi 1993? Nipeni koridoni mara mbili. Mara ya kwanza na habari ya shangazi, mara ya pili na habari ya ndoa, mlango uleule, kilio kilekile. Ingekuwa muvi nyingine.

Sini yangu ya pili kwa kuipenda ni ile ya kitabu. Stevens amekaa ofisini kwake jioni anasoma, Miss Kenton anaingia na maua, anauliza unasoma nini, hasemi, anarudi nyuma mpaka ukutani kakumbatia kitabu kifuani, dada anamsogelea anamfungua kidole kimoja kimoja. Ni riwaya ya mapenzi tu ya kawaida! Anajitetea eti anasoma ili kuongeza msamiati. Vidole tu vile na pumzi, hakuna kubusiana, na chumba kizima kimekuwa cha moto. Madijei wetu wanaotafsiri muvi sijui wangeisemaje hiyo, nadhani wangelazimika kunyamaza nao kwa mara ya kwanza.

Ile ya wasichana wawili wa Kiyahudi nimeiona kwa jicho lingine nilipojua historia ya aliyeandika skripti. Lord Darlington anaamua wafukuzwe kwa sababu tu ni Wayahudi, Miss Kenton anawaka anasema wakifukuzwa wanaweza kurudishwa Ujerumani na atajiuzulu, Stevens anasema bosi ana mambo anayoyaelewa kuliko sisi. Wanafukuzwa. Miss Kenton hajiuzulu, na baadaye anakiri mwenyewe kwamba aliogopa, hana pa kwenda. Miaka inapita bosi anajutia lile jambo, anauliza kama wanaweza kupatikana. Jhabvala alikuwa bado mtoto alipotoka kule, kwa hiyo mkono ulioandika hiyo sini ulijua hasa unaandika nini.

Mengine nayapita haraka. Christopher Reeve, Superman mwenyewe, yupo kama Mmarekani, na muvi imeunganisha watu wawili wa kitabuni wakawa mmoja ili aliyewapinga wale mabwana ndiye aje kununua jumba, imekaa kama imepangwa mno. Hugh Grant yupo yupo. Muziki wa Richard Robbins unazunguka kama saa, mzuri. Yule njiwa wa mwisho anayeingia ndani akatolewa dirishani huku Stevens akibaki nyuma ya kioo, jamani, tumeelewa, hamkuwa na haja ya njiwa. Na wameitoa ile habari ya utani: kitabuni mzee anahangaika kujifunza kutaniana na bosi wa Kimarekani, anafanya mazoezi kama homuweki, inachekesha na inatia huruma kwa pamoja, kwenye muvi imebaki harufu tu.

Iliteuliwa Oscar mara nane ikatoka mikono mitupu, mwaka ule Schindler's List ilizoa saba. Hopkins alishindwa na Tom Hanks. Sina kinyongo.

Mwisho kabisa, yaani kituo cha basi, sitawaeleza sana. Mvua inanyesha, Miss Kenton, sasa Bi Benn, hawezi kurudi kwa sababu binti yake anatarajia mtoto, wameagana, basi linaondoka, na mikono yao inaachana taratibu huku dada analia na mzee ananyanyua kofia. Kama una mtu uliyemwambia "tutaongea" miaka kumi iliyopita usiiangalie peke yako.

Mara ya tatu niliiangalia na mama. Alisinzia kwenye siasa akaamka kwenye basi akauliza, "Kwani hawajaoana tu hao?" Lakini ile ya mzee na kitoroli alikuwa macho, akaniambia babu yako alikuwa hivyohivyo. Babu, baba yake mama, alikuwa boi wa mezani kwa meneja wa shamba la mkonge huko Tanga, mpaka uzeeni alikuwa hawezi kukaa chini wakati mgeni anakula, alikuwa anasimama mlangoni na kitambaa begani hata kama mgeni ni mjukuu wake na chakula ni ugali na dagaa. Mama akasimulia tena ile hadithi ninayoijua toka utotoni, kwamba mashamba yalipotaifishwa 1967 yule Mzungu alivyokuwa anaondoka alimuita babu barazani, akamshika mkono mbele ya watu, akamvulia saa yake ya mkononi akampa. Ile saa ipo, iko kwenye kabati la mama, haitembei.

Nikampigia mama mdogo kwa spika ili nayeye achangie. Akasikiliza mpaka mwisho akasema, "Saa gani hiyo, ile ya mkanda wa kahawia? Dada, ile saa baba alijinunulia mwenyewe dukani kwa Mhindi, tena kwa mkopo, mi ndo nilikuwa natumwa kupeleka hela kila mwezi."

Mama akasema simu haisikiki vizuri.